Mwangaluka ni Nani?

Asubuhi moja nilimfundisha Salma salamu ya Kisukuma. Nilimwandikia "Mwangaluka," nikatulia nikisubiri aniulize inaitikiwaje. Baada ya dakika moja jibu likaingia: "Mwangaluka ni nani? Ni mwanamke?" Nilicheka hadi mteja aliyekuwa anachagua betri akageuka kunitazama. Mimi nilidhani ni wivu. Nikasema moyoni, huyu binti kanipenda.

Hiyo ilikuwa Machi 2024. Kufika Julai nilikuwa nimepeleka USDT 11,300, sarafu ya kripto ambayo moja ni kama dola moja, mahali alikonielekeza Salma, na zilizorudi mkononi mwangu ni 760. Ukipiga zile ambazo hazikurudi kwa bei niliyokuwa nanunulia wakati ule, kama shilingi 2,650 kwa moja, ni karibu milioni 28. Humo ndani kuna mtaji wa duka, kuna ada ya mwanangu Neema, na kuna milioni 4 za kikoba.

Nina duka dogo Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni. Nauza taa za kuvulia dagaa, betri zake, chaja, paneli ndogo za sola na kamba. Zamani wavuvi walitumia karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za betri, na hapo ndipo ninapopatia ugali. Biashara yangu inafuata mwezi wa angani kuliko ule wa kalenda. Wakati wa giza mitumbwi inatoka kila jioni na dukani hapakaliki. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaijali taa, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki natazama barabara. Nalitaja hili kwa sababu nilipokuja kuzisoma upya chati zetu, zile ndefu za saa tano na saa sita usiku karibu zote ziliangukia kwenye wiki za mbalamwezi. Mke wangu alifariki 2021. Neema yuko chuo Dodoma. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Watu wakisikia nimelizwa kwa kripto wananiangalia kama mzee aliyevamia mambo ya vijana. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo, maana ningekuwa na kisingizio. Mzigo wangu unatoka Guangzhou. Mwaka 2023 dola iliadimika mjini. Benki unaambiwa uje kesho, kesho unaambiwa uje wiki ijayo. Muuzaji wangu akasema anapokea USDT. Kulwa, mpwa wangu, mtoto wa dada, akanifungulia waleti, yaani pochi ya kripto ya kwenye simu, akanionyesha kununua kwa watu mtandaoni kwa shilingi za simu, akanifundisha kutuma kwa Tron, mtandao mmojawapo wa kupitishia kripto. Nililipia mizigo saba bila kupoteza hata senti. Maneno yangu 12 ya siri, yale yanayofungua waleti, sikuyapiga picha; niliyaandika kwenye karatasi nikayaficha ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati. Nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa najua namna moja tu ya kuibiwa, ile ya kupokonywa maneno 12. Salma hakuwahi kuniuliza maneno hayo. Yako salama kwenye kopo mpaka leo, na waleti haina kitu.

Aliingia kwa kukosea namba. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Kanada, ukamuulizia Bwana Daudi wa mashine za kukobolea kahawa. Nikajibu kwamba siye. Akaomba radhi, akasema watu wengi wangemtukana au wasingejibu, mimi nina adabu. Neno moja likavuta lingine. Mama yake Mzanzibari, baba Mkanada, amekulia Toronto, ana duka la vipodozi, Kiswahili kimempotea tangu mama afariki na anataka kukirudisha.

Hapo ndipo kitanzi kilipokaa. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, na ubovu wenyewe ulikuja na sababu yake mkononi. Akiandika "nimekukosa leo," mimi namwelewesha kwamba kwetu mtu akikukosa maana yake alikuja kwako hakukukuta, au alikurushia jiwe halikukupata, aseme "nimekukumbuka." Anashukuru. Kesho anarudia lile lile. Nilimsahihisha neno hilo labda mara nane na sikuwahi kujiuliza ni mwanafunzi gani huyu asiyeshika kitu hata kimoja. Kulwa alikuja kunieleza baadaye kwamba ile ni mashine ya kutafsiri, na mashine haikumbuki masahihisho yangu. Lakini kuwa mwalimu wa mtu ni jambo tamu, hasa ukiwa na miaka 47 na jioni hakuna anayekuuliza umekula nini.

Nieleze sasa kitu ambacho wengi hawakiamini nikisimulia: hakuwahi kuniomba pesa. Sisi Watanzania tumechanjwa dhidi ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akiomba tu, masikio yanasimama. Nilikuwa namsubiri kabisa. Nilijua siku moja itakuja bili ya hospitali, au tiketi ya ndege, au mzigo wa zawadi uliokwama forodhani. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, mwezi ukaisha. Kila siku ambayo hakuomba, mimi nilihesabu kama ushahidi. Wiki ya tano akanitumia picha ya skrini yake, akasema amekosea, ilikuwa ya mjomba wake. Ilikuwa na grafu na faida ya dola 900 kwa siku moja. Nikamuuliza ni nini. Akasema hayo ni mambo ya mjomba, aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni kubwa za fedha, na hapendi kuyazungumza. Nikamuuliza tena. Akasema hataki pesa ziharibu tulichonacho. Ni mimi niliyembembeleza. Ukirudia chati zetu mbele ya hakimu, mimi ndiye ninayeonekana tapeli.

Akanitumia linki. Jina la soko lenyewe la kripto lilifanana na la soko kubwa linalojulikana, tofauti herufi moja, na ukurasa wake ulikuwa msafi kuliko mingi ya benki. Sikuingia kichwa kichwa. Nilitafuta picha zake mtandaoni kwa ile njia ya kupakia picha uone imetumika wapi kwingine, haikuleta kitu. Nikataka tuonane kwa video; akapiga, sekunde kama arobaini, sura ile ile, mtandao ukawa unakatika. Nimejifunza baadaye kwamba magenge haya yana wasichana wa kukodi wa kupokea video, na zipo programu za kubandika sura ya mtu juu ya sura ya mwingine wakati anaongea. Mwishowe nikajipangia mtihani ambao niliuona hauna tundu: nitaweka kidogo, kisha nitatoa. Pesa ikitoka, ni ya kweli. Isipotoka, nimepoteza kidogo.

Nikaweka 100. Baada ya siku mbili nikatoa 120. Zikaingia kwenye waleti yangu, yangu mwenyewe, niliyoifungua na Kulwa. Nikaweka 500, nikatoa 640. Hizo niliziuza kwa shilingi, pesa ikaingia kwenye simu, meseji ikalia, nikaenda kununua sato mkubwa nikamkaanga nzima nikala peke yangu hadi kichwa. Siku ile nililala nikiwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika na mtu yeyote wa mjini hapa. Na ndiyo maana nakaa kwenye jambo hili kuliko mengine: ule mtihani nilidhani nimeutunga mimi, kumbe walishautunga wao zamani, na majibu yake walikuwa nayo. Dola 160 za faida ndizo gharama yao ya chambo. Hakuna duka la nyavu linalouza chambo bei rahisi namna hiyo.

Kati ya Aprili na Mei nikaweka 1,700, kisha 3,500. Baba mdogo akafariki Ukerewe. Nikiwa kwenye boti naelekea Nansio nikamwarifu Salma. Akajibu: "Samahani kwa hasara yako." Nikamwandikia, hapana mpenzi, hii siyo hasara, huu ni msiba, na kwetu tunasema pole. Akasema ameelewa.

Usiku wa pili wa matanga, mida ya saa tisa, wakati wazee wamelala kwenye mikeka na moto umebaki makaa, simu ikatetemeka. "Poleni sana na msiba. Mungu awatie nguvu mumsitiri salama." Hakuna kosa hata moja. Hata wingi wa "poleni" ulikuwa mahali pake, maana mfiwa huwa si mmoja. Nikafurahi, nikasema mwanafunzi wangu kaiva. Kesho yake mchana akaniandikia: "Natumaini unajisikia bora kuhusu kifo."

Ujumbe ule bado ninao. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 inakadiria watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, wanalazimishwa kufanya utapeli huu wakiwa wamefungiwa kwenye majengo yenye walinzi. Wengi walidanganywa kwa matangazo ya ajira nzuri, na vijana wa Kenya na Uganda wamewahi kuokolewa humo. Kwa hiyo Salma ni zamu. Wanapokezana simu moja kama makondakta wanavyopokezana daladala. Na usiku ule, nadhani, zamu ilikuwa ya mtu aliyelelewa na mama anayesema "poleni." Sijui nimchukie vipi huyo.

Turudi kwenye pesa. Mei mwishoni skrini ilikuwa inasoma zaidi ya dola elfu 20. Salma akasema mjomba ameona nafasi ambayo huja mara moja kwa mwaka, lakini lazima niwe na kiwango fulani kwenye akaunti. Nikaenda kwenye kikoba chetu, nikasema nataka kuongeza mzigo wa taa kabla ya giza la Juni. Nilisema uongo mbele ya akina mama 19 wanaoanika dagaa juani tangu alfajiri, na Mama Zawadi, mwenyekiti, akasema, "Baba Neema hana historia ya kuchelewesha." Milioni 4. Nikaongeza na pesa za mauzo, nikanunua USDT 4,000, nikatuma.

Kitu kingine kilichokuwa kinaendelea, nacho nakiona leo tu, ni kwamba nilikuwa nimeacha kuongea na watu. Salma alisema maelekezo ya mjomba yakivuja atapata matatizo, basi nikawa nazima skrini mtu akiegemea kaunta. Kulwa akiuliza, "Mjomba, siku hizi unanunua USDT nyingi, mzigo gani huo?" namjibu kwa mkato. Mtu pekee mjini hapa ambaye angeweza kuniokoa kwa dakika tano ndiye niliyemkwepa kuliko wote.

Juni nikaomba kutoa. Skrini inasoma 41,700. Ikakataa, ikaleta maandishi mekundu: nilipe kwanza kodi ya asilimia 20 ya faida, dola 6,500, na isikatwe kwenye salio, iletwe kutoka nje. Sasa tazama bahati yao. Mwezi huo huo redio zote zilikuwa zinaongelea bajeti, na kweli Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali kuanzia Julai. Nikasema, si ndiyo hii! Sikusimama kuuliza mbona kule ni 3 na huku ni 20. Wala sikuuliza jambo jepesi zaidi: kodi ya zuio mlipaji anaizuia kwenye kile anachokulipa, hakuambii ulete pesa mpya ndipo akupe yako. Na kodi ya serikali yetu mtu hailipi kwenye waleti ya mtu asiyemjua. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa, unapata risiti.

Salma akalia, kwa maandishi. Akasema atanikopesha 5,000 zake mwenyewe, mimi nitafute 1,500 tu. Nikaziona zile 5,000 zikiingia kwenye skrini. Mwanamke ananilipia dola 5,000! Nikauza pikipiki ya duka, nikatuma 1,500. Kesho yake yakaja maandishi mengine mekundu, safari hii ya uthibitisho kwamba pesa si chafu: dola 8,000.

Nikafunga duka saa sita mchana, nikampigia Kulwa.

Alikuja na mkate na soda, akasema shikamoo mjomba, akakaa juu ya kreti. Hakuniuliza kwa nini. Akaniomba nifungue waleti, akanakili anwani niliyokuwa natumia, akaibandika kwenye ukurasa wa Tronscan, ambao kila mtu anaweza kuufungua na kuona sarafu gani imetoka wapi kwenda wapi. Nilikuwa nautumia kila nikimlipa Mchina, kuhakikisha kwamba zimefika. Kwa Salma sikuwahi kuufungua hata mara moja.

"Ona hii, mjomba. Elfu nne yako iliingia saa nane na dakika saba mchana. Saa nane na dakika kumi na tisa ikatoka. Ikagawanywa mara tatu."

"Ikaenda wapi?"

"Mbele. Na kule mbele ikagawanywa tena."

"Sasa wale walikuwa wanafanya biashara na nini? Mbona faida ilikuwa inapanda?"

"Hakuna biashara. Ile ni namba wanaandika. Hata mimi nikikutengenezea ukurasa leo naweza kukuandikia una milioni mia."

Akateremsha ukurasa taratibu. Mistari mingi, yote inaingia kwenye anwani ile ile niliyodhani ni akaunti yangu binafsi. 300. 1,150. 2,000. 80. 6,400. Ile 80 ndiyo iliyonishika koo. Akarudi juu, akaitafuta ile 640 niliyotoa mwezi wa nne, akaifuata nyuma ilikotoka. Ilikuwa imetoka kwenye anwani nyingine ambayo siku moja kabla ilipokea 700 kutoka kwa mtu. Yule sato nilimla kwa pesa ya mtu kama mimi.

Mwisho akaangalia soko lenyewe limesajiliwa lini. Ukurasa ulijitangaza upo tangu 2016. Jina lake la mtandao lilikuwa limesajiliwa Januari 2024, mwezi mmoja kabla Salma hajamtafuta Bwana Daudi wa kahawa. Kuangalia hilo kulimchukua Kulwa muda mfupi kuliko kufungua soda.

Ningekwenda polisi siku ile ile, huenda kungekuwa na la kufanya. USDT si kama bitcoin; kampuni ya Tether inayoitoa inaweza kuzifungia sarafu zikiwa kwenye anwani fulani, na Novemba 2023 ilifungia za dola milioni 225 zilizohusishwa na genge la utapeli wa namna hii huko Kusini-Mashariki mwa Asia. Lakini hilo hufanyika vyombo vya dola vikiomba na sarafu zikiwa bado zimekaa mahali. Mimi nilikaa wiki tano. Kwanza aibu. Pili nilikuwa nakumbuka tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililosema sarafu hizi haziruhusiwi nchini, nikaogopa kwamba naenda kujishtaki. Nilipokwenda hatimaye, askari kijana alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, akaniuliza namba za miamala, anwani, tarehe, picha za mazungumzo, akanipa RB, namba ya ripoti ya polisi. Hakucheka. Alisema tu, "Mzee, hizi ungezileta mapema." Faili lipo. Sina mategemeo makubwa.

Katikati ya hizo wiki tano alijitokeza kijana mmoja, namba ya hapa hapa nchini, anasema ni mtaalamu wa kurudisha kripto zilizoibwa, analipwa dola 300 tu za kuanzia. Alijua kiasi nilichopoteza. Nilikaribia kulipa, nasema ukweli. Kulwa akanipokonya simu, tukaituma ile namba kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, yakaisha.

Usiku nilikuwa sipati usingizi, nikawa nasoma. Wachina wanauita mchezo huu sha zhu pan, yaani unamnenepesha nguruwe kwanza ndipo unamchinja. Silipendi jina hilo, ingawa nakiri nilinenepa. Mimi ningeuita kwa kazi yangu: unawasha taa, unakaa kimya, dagaa anakuja mwenyewe akidhani ni mwezi. FBI, wapelelezi wa Marekani, wanasema malalamiko waliyopokea mwaka 2023 pekee kuhusu uwekezaji wa uongo wa kripto yalikuwa ya hasara inayozidi dola bilioni 3.9. Nikakutana na habari ya Shan Hanes, mkuu wa benki ndogo ya Heartland Tri-State huko Elkhart, Kansas. Mkuu wa benki! Alichota dola milioni 47.1 za benki yake akizipeleka kwenye kripto ya aina hii hii, benki ikaanguka Julai 2023, na Agosti 2024 akahukumiwa miaka 24 na miezi mitano. Kabla ya hapo alichukua pesa za kanisa lake, za kikundi cha uwekezaji cha watu wa mji wake, na akiba ya chuo ya binti yake. Nilipofika kwenye akiba ya binti nikalaza simu kifudifudi, nikaenda nje kusikiliza vyura.

Neema nilimwambia Agosti. Alikaa kimya kwenye simu, halafu akasema, "Baba, ulikuwa unaongea naye kila siku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi ulikuwa unanipigia Jumapili."

Siku hizi bado nalipa Guangzhou kwa USDT. Kripto yenyewe sina ugomvi nayo. Iliniibia kama barabara ya lami inavyoiba gari. Ila nina mipaka miwili. Mtu niliyefahamiana naye mtandaoni, awe mzungu, awe Msukuma mwenzangu, siku atakayotaja uwekezaji ndiyo siku ya mwisho ya mazungumzo. Sichunguzi, simpimi, sitoi kidogo kuona kama kinatoka, kwa sababu kwenye kupima ndiko nilikoshindwa. Na kabla sijatuma kwenye anwani mpya, Kulwa anaiona. Hata kama ni usiku. Anachoka na mimi, lakini anaitikia.

Kwenye kikoba nilisema Septemba, Jumamosi, barazani kwa Mama Zawadi kule Kitangiri. Nilisimama, nikasema mkopo ule haukununua taa hata moja. Nikaeleza yote, mpaka "mwangaluka ni nani." Kuna waliocheka hapo, na mimi nikacheka, kisha pakawa kimya cha muda mrefu. Mama Zawadi akasema, "Baba Neema, bora ungekuwa mlevi, ungepoteza kidogo kidogo tungekuona." Wakanifutia riba. Deni wakaliacha pale pale, elfu 80 kila wiki, na mpaka leo sijakosa wiki.

Watu walipotawanyika mwanachama mmoja alibaki anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Ana biashara ya vitenge Makoroboi, mwanamke mwenye akili nyingi, ndiye anayetushikia daftari la hisa. Akaniambia yake ni tofauti kidogo. Wa kwake ni daktari, yuko Uturuki, na hajawahi kumwomba hata shilingi.

Nikamuuliza kama amewahi kutoa.

"Juzi tu. Laki moja na sabini, ikaingia mpaka kwenye simu. Ndiyo maana nikasema nikuulize, maana hii ya kwangu inatoka."

Nikamvutia kiti, nikampigia Kulwa.